Taarifa ya Maandishi

Mteja wangu hana uso.
Ana mabomba, ana taa za barabarani elfu moja na ushei,
ana magari manne ya kusukuma theluji, moja bovu tangu Novemba,
ana makaburi mawili na bwawa la kuogelea lenye ufa.
Akishtakiwa, mimi ndiye mdomo wake.
Ofisi yangu iko chini ya ngazi, jirani na tanuri
linalopasha jengo zima moto, na hukohoa
kila ninapofungua faili.

Leo ni Pietrowski dhidi ya Mji.
Mama wa miaka sabini na minne, mpishi mstaafu wa shule,
aliyenipakulia supu ya njegere miaka sita,
akiniongezea kijiko huku akijifanya hanitazami.
Tarehe tisa Machi alikwenda kumnunulia paka dawa.
Mbele ya duka la viatu la Fenner, lililokwisha fungwa,
mzizi umeinua bamba la saruji
inchi mbili na nusu. Nimepima mwenyewe, kwa rula.
Nyonga ikavunjika. Paka hakupata dawa.

Sheria yetu huku bonde la Mohawk ni fupi:
mji haudaiwi kwa shimo wala kwa nundu
ila kama mtu aliuandikia kabla,
kwa karani, ikapigwa muhuri.
Kujua si kujua mpaka karatasi ijue.
Tarishi aliiruka nundu ile kila asubuhi: hakujua.
Meya alijikwaa pale, akatukana: hakujua.
Mimi hupita hapo nikifuata kahawa.
Mguu wangu ulijua. Mguu si karani.

Nina kiapo kilichokwisha chapwa,
pengo tu la jina na tarehe:
*nimepekua kumbukumbu zote, sikuona kitu.*
Karani Ruthanne hutia sahihi, jaji hupumua, kesi hufutwa.
Nimeshinda kumi na moja hivi.
Watu hunipongeza koridoni kwa sauti ya chini,
kama wanavyompongeza aliyeua nyoka chooni.

Safari hii Ruthanne alikuwa likizo. Nikapekua mwenyewe.
Droo ya tatu, nyuma ya leseni za mbwa,
bahasha ya kahawia, mwandiko wa penseli, unatetemeka:

*Kwa wahusika. Mti wa mbele ya Fenner unainua njia.
Mimi nimezeeka, napita upande wa pili,
lakini wapo wasiojua. Si ya haraka,
ila si ya kusahau. Anton Brzeski.*

Na muhuri: IMEPOKELEWA.
Miaka miwili kabla ya nyonga.

Hakuna aliyeniona.
Nairudia sentensi hiyo kwa sababu niliirudia pale:
hakuna aliyeniona.
Wala kiberiti kisingehitajika,
ningeirudisha tu kwa mbwa.

Meya husema mteja wangu ni bajeti.
Lakini mji, ukiuhesabu vizuri,
yumo na mpishi mwenye chuma nyongani anayelipa kodi,
yumo na mzee aliyetuandikia kwa adabu
tukamfungia kwenye droo.

Nikatoa nakala mbili. Moja kwa wakili wake.
Nyingine nikampelekea meya, aliyeisoma amesimama,
kisha akaniuliza, pole pole, *Delphine, unafanya kazi wapi?*

Tukalipa. Fedha zilikuwa za bwawa.
Julai hii limekauka, majani yanaota kwenye ufa,
na watoto hukaa ukingoni miguu ikining'inia
juu ya maji yasiyokuwepo.
Bi Pietrowski hakunishukuru; sikumtarajia.
Tulipokutana dukani alitazama kikapu changu,
akasema nimekonda.

Jana, mezani kwa Ruthanne, barua ya kalamu ya rangi:
*Mji mpendwa, bwawa letu linaniuma.*
Hakuna jina, hakuna anwani, kisheria si kitu.
Nikauomba muhuri.
Nikaupiga mwenyewe, kwa nguvu,
hata tanuri likanyamaza.