Amana kwa Wingu

Wingu halikumpa raha mamangu, Bi Time.
Likitanda tu upande wa Mtambwe, anakurupuka:
"Anueni! Anueni!"
Na karafuu zikakunjwa na jamvi lake, zikaingia ndani.

Leo, Wete, saa saba za usiku,
bando likiwa rahisi,
nalikabidhi wingu nyimbo mia nne na kumi:
kanda za mjomba Shaame, zilizoota kuvu,
nikazisafisha kwa pamba na spiriti;
na ile ya harusi ya Mgeni, ambamo
baina ya fidla na kanuni jogoo anawika,
mama anakohoa, anasema,
"Hebu punguzeni taa."

Flashi ya kwanza ilifuliwa pamoja na suruali.
Simu ilizama bandarini Mkoani.
Sina pa tatu pa kuficha.

Asilimia sitini na mbili, umeme ukaenda.
Nikakaa gizani na kikohozi chake
nusu huku, nusu sijui wapi.
Uliporudi, zikaendelea pale pale zilipokomea.

Alfajiri zimefika zote.
Nje, manyunyu.
Nikajikuta uani, mikono mbele,
natafuta jamvi.