Mahali pa Kusimama

Saa kumi na moja na ushei, Makina bado giza,
baridi ya Julai imekaa juu ya mabati kama deni.
Natia udhu kwa maji ya ndoo, meno yanagongana,
nafungua msahafu wa marehemu babu Fadhlimula,
jalada lake la kijani limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Ukurasa mmoja. Sikuahidi zaidi.

Kazi yangu ni kupokea simu za ambulansi.
"Uko wapi? Jengo gani? Anapumua?"
Usiku kucha nauliza watu kama wenzao wanapumua,
hata mwaka juzi nikasahau kupumua mwenyewe.

Ilikuwa simu ya Mukuru. Mwanamke, moto, mtoto ndani.
Akasema, "Subiri, nita—"
ikakatika.

Nita nini?
Neno lile lilinifuata nyumbani, likala nami sahani moja,
likapanda kitandani kabla yangu.
Nitarudi? Nitaingia? Nitapiga tena?

Daktari wa Mathari hakunicheka. Aliandika vidonge,
akasema nirudi kila mwezi, na ninarudi.
Vidonge vilinipa usiku.
Alfajiri nikabaki nayo mikononi, sijui niiweke wapi.

Aliyenionyesha ana miaka tisa.
Mastura, binti yangu, pengo mbili mbele,
buibui la chuo linafagia vumbi.
Alinisikia nikisoma siku ya kwanza, mbio mbio
kama mtu anayekimbizwa na mbwa,
akaweka kidole kwenye herufi ndogo juu ya mstari:
"Baba, hii mimu. Ukipita hapa maana inaharibika.
Hapa ni lazima usimame."

Lazima.
Nikasimama.
Pumzi ikashuka hadi chini ya mbavu,
ikakuta huko vumbi la miezi.

Miaka arobaini na moja nakibusu kitabu hiki
nisijue kwamba kimejaa vibao vya njia.
Jimu: simama ukitaka.
Lamu-alifu: usithubutu, maneno hayajaisha.
Na zile nukta tatu tatu, pacha, zinazotazamana:
"Ukisimama hapa, pale unapita," ananiambia,
"huwezi kusimama kote kuwili."

Kisha madda, herufi yenye wimbi kichwani.
Ananihesabia kwa kukunja vidole, moja, mbili, hadi sita,
jicho kali, la kuazima kwa mwalimu wake.
Naishiwa kwenye cha nne.
"Tena."
Kufika Shaabani nilimaliza sita
na pumzi ikabaki, kama chenji nisiyoitarajia.

Nisidanganye. Kuna asubuhi nasoma na hakuna kitu.
Ulimi uko kwenye aya, akili iko Mukuru.
Aini inagoma kooni, treni inapita,
vikombe vinatetemeka kabatini.
Nasoma hivyo hivyo.
Kesho ukurasa unaofuata uko palepale, haujanuna.

Juzi zamu ya usiku simu ilikatika tena.
Kijana wa Kayole, katikati ya neno.
Mkono ukaanza kutetemeka, na mtetemo ule naujua.
Chini ya meza nikakunja vidole, moja, mbili, hadi sita.
Nikapiga. Kimya. Nikapiga.
Nikatuma gari, nikaandika saa.
Yaliyofuata siyajui; sisi hatuletewi habari.

Leo Jumapili, Mastura amelala, nasoma peke yangu.
Kwenye mimu nasimama,
na hapo ndipo anapokuja yule mwanamke na neno lake nusu.
Simfukuzi.
Namwachia nafasi, urefu wa pumzi moja,
kisha naingia aya inayofuata.

Kutoka ndani ya blanketi, sauti ya usingizi:
"Baba. Umeruka ghuna."
Narudi nyuma mstari mmoja.