Tundu la Nane

Aliileta ndani ya soksi.
Soksi ya sufi, kijivu, kisigino kimetiwa kiraka,
na ndani yake mtambo mtupu:
uso wa kaure, magurudumu, basi.
"Kasha nililiuza Januari," akasema Orrin Stuckey.
"Mafuta ya kupashia nyumba yalikuwa yamekwisha."
Hakuongeza neno. Theluji ya viatu vyake
ikageuka maji juu ya sakafu yangu.

Saa za namna hii nazijua.
Dhahabu ikipanda bei, wanunuzi wa Altoona
huzibangua kama korosho:
ganda linakwenda kwenye mizani,
kiini kinatupwa koponi.
Kufa kufaana. Mimi ndiye ninunuaye makopo.
Mitambo hugongana humo kama meno ya bandia,
nami nilichonga meno ya bandia miaka ishirini,
kwa hiyo sishtuki.

Hii ilikuwa na vito ishirini na kimoja.
Namba yake nikaisaka daftarini: 1911.
Saa ya reli.
Kondakta Stuckey, kisha mwanawe,
aliyeirithi pamoja na zamu za usiku.
Saa ya reli hairekebishwi kwa pupa.
Ufungue kioo kwanza,
uvute kiwiko chembamba kwa ukucha,
ndipo akrabu zikubali kusogea.
Walioiunda waliuogopa mkono
wa mtu aliyechelewa.

Nikamweleza ubaya wake.
Haikuzaliwa kukaa mkononi.
Kitufe cha kutilia ufunguo kimeota utosini,
juu ya kumi na mbili.
Nikitaka kikae ubavuni
sharti niuzungushe mtambo wote robo,
niutafutie uso mwingine,
na duara dogo la nukta litahamia kushoto.
"Uso mwingine?"
Akautazama ule wa kaure,
wenye ufa mmoja, unywele,
kutoka kwenye nne hadi katikati.
"Acha kitufe kichwani.
Baba hakuvua kofia maisha yake yote."

Wiki tatu.
Nikaosha mafuta yaliyoganda kama ulimbo,
nikabadili springi,
nikachonga kasha la chuma cha pua,
pana kama kifuniko cha chupa ya jemu.
Mgongoni nikaweka kioo.
Zaidi ya miaka mia magurudumu yale yalizunguka gizani,
na nakshi zake za mawimbi
zilionwa na mafundi tu,
mmoja mmoja, kila baada ya miaka,
kisha kifuniko kikafungwa.

Wapo wanaonilaani.
Bwana mmoja wa Ohio aliniandikia kwa mkono wake:
Ardith Hrabovsky, wewe ni mchinjaji.
Sikumjibu. Kasha zima sijapata kulikata;
la mtu mmoja nilimrudishia hadi mlangoni, nikakosa pesa.
Nawavika walio uchi.
Lakini barua yake sikuichana,
na siku nyingine, usiku, naisoma.

Orrin alirudi amenyoa ndevu.
Ukanda ulikuwa na matundu saba
na mkono wake ulikuwa umekonda kuyapita yote.
Nikachukua sindano ya ngozi
nikatoboa la nane.
Hakutazama uso wala mgongo.
Aliinua mkono hadi sikioni
kama anayejikinga na kofi,
akabaki hivyo
hata nikaona haya kumtazama.

"Saa ngapi?" nikamuuliza mlangoni, makusudi.
Vidole vyake vikashuka kiunoni,
vikaingia kwenye kimfuko,
vikatoka na pipi ya kikohozi.
Akaitazama pipi. Akanitazama mimi.
Ndipo akageuza mkono.
"Kumi kasorobo," akasema,
"na nukta kumi na nne."
Akangoja.
"Kumi na tano. Kumi na sita."

Soksi aliisahau.
Nimeifua. Iko dirishani, inakauka.