Kujaza, Kukata

Mizani ya ghalani haibagui mtu na gunia.
Jioni, karani Nandonde akishafunga daftari,
napanda juu, navua ndala,
nabana pumzi kama anayepigwa picha ya kitambulisho.
Oktoba: sitini na tisa.
Desemba, mnada wa nne umeshapita: themanini na moja,
gunia zima la korosho na kilo moja ya majivuno.

Huo ndio msimu wa kujaza.
Mayai manane kwa Somoe kabla hakujapambazuka,
ugali wa muhogo, kunde, vibua wawili,
saa nne chapati, saa saba ugali tena,
usiku korosho zilizovunjika,
zile zisizo na daraja,
ambazo hakuna anayezihesabu kiganjani mwa kuli.
Nilikula hata njaa ilipokuwa imelala.
Nilikula kama ninalipwa kwa tonge.
Tandahimba nzima ilikuwa inakula:
pikipiki mpya, mabati mapya, mbuzi kila Ijumaa.

Na nikitua gunia la mwisho, jimu ya Likope,
nyuma ya mashine ya kusaga:
bomba la maji, ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege,
giaboksi ya Isuzu tunayoiita Bibi Harusi
kwa kuwa haibebwi bila mashahidi,
na kioo cha kabati lililokufa zamani,
kimepasuka wima,
kinamgawia kila mtu vifua viwili.

Februari ghala likafungwa
kwa kufuli kubwa kama ngumi yangu.
Nikatangaza jimuni: sasa nakata.
Wakaitikia kwa heshima.
Likope akahesabu kwa vidole: wanga mbali, mafuta mbali,
maji mengi, subira.
Nikawa mtu wa yai moja,
kisha mtu wa mchicha,
kisha mtu wa maji mengi na subira.

Machi mishipa ikachomoza mikononi
kama mizizi iliyofunuliwa na mvua.
Tumbo likajigawa vyumba sita, vyote vitupu.
Vijana wa bodaboda wakanipiga picha.
Mmoja akauliza siri yangu.
Nikamjibu, nidhamu.

Siku hiyohiyo mama alirudi kutoka porini,
jembe begani, matope magotini,
kanga imefungwa ming'oko.
Akaichemsha, akanitengea.
Mama, nikasema, mimi nakata.
Akanitazama mbavu
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

"Mwaka ule mvua ilipogoma, baba yako alikata.
Mimi nilikata, na wewe umo tumboni.
Tulikata kijiji kizima, mpaka paka.
Hatukumwona mtu na kamera."

Akacheka peke yake, akaenda kuosha jembe.

Nimewaona wakaguzi siku za mnada.
Hawaiamini korosho kwa sura.
Wanachota chache guniani,
wanaikata kila moja katikati kwa kisu kidogo,
waone kama imejaza.
Ganda laweza kung'aa, likalemea kiganja,
ndani mna kitu kimesinyaa,
cheusi, kama sikio la panya.

Somoe naye ana daftari lake.
Ukurasa wangu unaishia Januari:
mayai mia mbili na kumi na manne, hayajalipwa.
Chini yake kapiga mstari, kwa rula.
Hakunisema kwa mtu.
Nikipita na fulana yangu ya mikono iliyokatwa,
ananisalimia vizuri tu, anafunika trei.

Si Likope aliyenikataza mayai.

Nilikula ming'oko sita, na chumvi,
nimesimama, mlango nimeurudisha.
Mama alikuwa uani, sufuria akaiacha jikoni
na kifuniko kikiwa wazi kidogo.
Nikaongeza miwili.
Sijui imeniongeza kiasi gani.
Mizani imefungiwa ndani
hadi Oktoba.