Februari Haina Thelathini na Moja

Alikuja Agosti thelathini na moja, saa tisa alasiri,
Tsiala mshonaji, wa nyuma ya soko la Kutaisi,
cherehani kifuani kama mtoto mwenye homa.
Akaitua juu ya kaunta yangu ya kioo
kati ya saa zilizokufa na pete zisizo na wenyewe.
"Miezi sita," akasema. "Binti ana mtihani Tbilisi.
Miezi sita tu, nitaikomboa."

Mimi ni karani wa rehani. Kazi yangu ni tarehe.
Bosi wangu Jumberi haamini kikokotoo,
anasema betri hufa, ngumi haifi.
Basi nikakunja ngumi:
kifundo ni mwezi mnene, bonde ni mwezi mwembamba.

Tsiala naye akahesabu, kwa vidole vilivyotobolewa na sindano:
Agosti moja, Septemba mbili,
akaishia Januari, uso umemsinyaa.
"Hapana, mama. Agosti haihesabiwi.
Agosti ni kizingiti. Ukishakivuka
ndipo unaanza kuhesabu vyumba."
Akacheka, akashika meza.
Amepata mwezi mzima bure!

"Kwa hiyo Februari thelathini na moja."
"Hakuna."
"Hakuna nini?"
"Hakuna siku hiyo. Februari ni bonde.
Tarehe ikikosa pa kusimama, inarudi nyuma
hadi siku ya mwisho iliyopo."
"Na siku zangu tatu zimekwenda wapi?"
"Hazikuwahi kuwepo."
"Riba yake mtanitoza?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika: ishirini na nane.
Muhuri ukalia puu.

Septemba, bonde. Oktoba, kifundo.
Novemba watu walileta majiko, wakachukua makoti.
Nilisikia anashona kwa mkono mapazia ya hoteli,
hatua kwa hatua, mita kwa mita,
karibu na dirisha kwa sababu ya bei ya umeme.
Binti alifaulu, au hakufaulu;
sokoni habari zilikuja mbili.
Januari theluji iliziba mlango wetu
na Jumberi akanituma niichote kwa beleshi la rehani
ambalo mwenyewe alikuwa bado na wiki mbili.

Ishirini na nane ilipita. Hakuja.
Kesho yake saa tatu asubuhi
mtu wa Zestafoni aliinunua cherehani,
akaipakia kwenye gari la viazi, hakuomba hata punguzo.

Saa nne Tsiala akaingia.
Theluji mabegani, noti za lari ndani ya soksi,
zimekunjwa kwa ukubwa wa vifungo.
Nikamwonyesha hati. Ishirini na nane.
Hakuitazama hati.
Alitazama nyuma yangu, ukutani,
kalenda ya duka la mikate,
akanyoosha kidole chenye kovu
hadi kwenye kisanduku cha mwisho, chini kulia,
nilichokipita miezi sita bila kukiona.

"Na hii ishirini na tisa," akauliza,
"ni ya nani?"

Mwaka mrefu. Mimi, mtu wa tarehe,
nilikuwa nimemwibia siku iliyokuwepo
baada ya kumfundisha kuzisahau zisizokuwepo.

Jumberi alisema hati ni hati.
Nikaenda Zestafoni kwa basi; viazi nilivikuta,
cherehani ilikuwa imeshapita mikono miwili.
Sasa ipo nyingine, ya mtumba, dirishani kwa fundi Zauri,
na fundi anakubali nimlipe kidogo kidogo
miezi kumi na minne, kuanzia Machi mosi.
Machi ni kizingiti, siihesabu.
Aprili bonde, Mei kifundo,
Juni bonde, Julai kifundo, Agosti kifundo tena,
nazunguka ngumi, navuka mwaka,
nashuka Februari polepole, nikipapasa kama gizani:
ishirini na nane safari hii, nimeuliza watu watatu.
Natokea Mei mosi.

Tsiala alinisikiliza hadi mwisho.
Kisha akaushika mkono wangu, akaufungua,
akaanza kuhesabu upya.