Mbali na Matarajio

Karatasi za mtihani wa pamoja zilifika Webuye kabla ya kengele,
ndani ya bahasha za kaki zenye muhuri.
Nikatia sahihi. Nikazinusa.
Baba yangu alipika karatasi katika mji huu miaka kumi na tisa,
akirudi nyumbani ananuka kabeji iliyooza,
nasi watoto tukiiita harufu hiyo mshahara.
Siku hizi dohani imesimama tu, haivuti.
Karatasi tunaletewa kwa lori,
maswali yameshapikwa kwingine.

Gredi ya tisa. Watoto hamsini na mmoja,
mita moja na robo kati ya dawati na dawati,
nilipima mwenyewe kwa kamba ya katani.

Swali la nne lilikuwa na mchoro wa ngazi ya umeme.
Nasambu akainua mkono:
Mwalimu, na mtu akiikanyaga mguu umelowa?
Nikamwambia siruhusiwi kujibu.
Kweli siruhusiwi.
Tena sijawahi kuikanyaga.

Swali la kumi na moja, nalitia Kiswahili mimi:
Gurudumu la baiskeli lina kipenyo cha sentimita 56.
Tafuta mzingo wake.

Khaemba, wa dirisha lisilo kioo,
ambaye jioni huziba pancha kule Misikhu sokoni,
aliandika: *Inategemea upepo, na mzigo uliopakiwa.*
Basi. Hakuna hesabu, hakuna mstari chini ya jibu.

Mwongozo wa kusahihisha unasema 176.
Jibu jingine lisikubaliwe.
Kalamu yangu nyekundu inaijua njia;
ilishafika pambizoni kabla yangu
na kutaga yai lake.

Usiku lile yai likanikalia kooni.

Alfajiri nikaingiza baiskeli yangu darasani.
Chaki tairini, chaki sakafuni,
nikaisukuma mzunguko mmoja kamili, nikatia alama.
Kisha nikapakia gunia la mahindi ya chakula cha mchana,
nikafunga kwa mpira, nikasukuma tena, jasho likinitoka.
Alama ya pili ikaanguka nyuma ya ile ya kwanza
kwa upana wa vidole viwili.
Nikatoa upepo kidogo, fsss.
Vitatu.

Wekhomba mlinzi akachungulia na tochi yake:
Mwalimu, hayo mahindi unayaleta au unayapeleka?
Napima, nikasema.
Unapima nini?
Nilikuwa nimepiga magoti, chaki mkononi,
miaka ishirini na miwili kazini,
na swali hilo halikuwamo katika mwongozo.

Jumamosi nikaenda kupakia alama mtandaoni.
Mashine ina vijisanduku vinne kwa kila mtoto:
kuzidisha matarajio, kufikisha, kukaribia,
na cha mwisho, mbali na matarajio.
Hakuna pa kuandika upepo.
Nikataka kumuuliza mtu: mbali, kilomita ngapi?
Na huyo aliyetarajia
alikuwa amesimama wapi alipokuwa akitarajia?
Nyuma yangu mama mmoja alisubiri kuchapisha tangazo la mazishi,
picha ya marehemu ameishika kwa ncha za vidole
isiingie jasho.
Nikabonyeza kile ambacho mwongozo ulitaka.
Nina watoto wanne, na mkopo wa chama.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Khaemba kufagia.
Nilimwona kutoka mlangoni, ufagio ameuegemeza ukutani,
amechutama juu ya zile alama tatu za chaki.
Aliweka vidole vyake kati yake, akahesabu,
akatazama tairi la baiskeli yangu pale nje,
akalitazama gunia.
Nikangoja aseme kitu. Nadhani nilingoja anishukuru.

Mwalimu, akasema, la tatu ulitoa upepo kiasi gani?
Hukupima?