Maharage ya Saturnina

Oruro, saa moja usiku. Baridi imetutangulia vitini.
Darasa ni ghala la zamani la chama cha wachimba bati;
projekta ni ya kuazima, intaneti ni ya simu yangu,
na bando linaliwa kama sufu na nondo.

Somo nimeliokota mtandaoni, la bure:
sufuria ya kuchorwa, moto wa kuchorwa,
chembe za maji zikisukumana kama watoto kabla ya kengele,
na pembeni kitelezi kilichoandikwa kanieneo.
"Nani anajaribu?"
Hilarión akavificha vidole vyake vitatu, vilivyobakizwa na mgodi.
"Nikikiharibu je?"
"Hakiharibiki. Ni cha kila mtu."
"Cha kila mtu," akasema, "ndicho huharibika kwanza."

Saturnina ndiye aliyeuliza, yule muuza supu:
"Sufuria hiyo iko wapi?"
Sikumwelewa.
"Inachemkia mia. Iko kwa nani?"

Nikakivuta kitelezi chini,
nikaipandisha sufuria mlimani, mita elfu tatu na mia saba,
hadi hapa, kwenye hewa yetu nyepesi.
Chembe zikachoropoka mapema. Kipimajoto kikagota themanini na nane,
na moto niliouongeza haukukisogeza hata unywele.

"Kumbe yanachemka," akasema polepole, "lakini hayajapata moto."

Akacheka. Kisha hakucheka.
Alikuwa na mama mkwe, mtu wa mabonde ya joto,
aliyekuja kuwatembelea mwaka wa kwanza wa ndoa,
akaketi mbele ya maharage ya saa tano, bado magumu,
akasema: mkono huu hauivishi.
Yeye akaondoka, neno likabaki.
Likala nao mezani miaka thelathini na moja.

"Rudia," akasema Saturnina. Nikarudia.
"Tena."
Mara ya nne bando likakata roho.
Picha ikaganda ukutani: mapovu yamesimama, themanini na nane.
Nikanyoosha mkono kuzima.
"Iache. Kwanza niitazame."

Tukakaa gizani na sufuria isiyopoa wala kuivisha.

Hapo ndipo Hilarión alipoinuka,
akakishika kipanya kama mtu ashikaye kifaranga,
akakisukuma kushoto, akakisukuma kulia.
Hakuna kilichosogea.
"Mnaona?" akasema. "Nimekiharibu."